Mwenye Simu na Ufunguo Wake

Kila mwenye nyumba hupenda mambo mawili. Hupenda nyumba yake isivuje, na hupenda awe na ufunguo wa kila chumba. Akiambiwa achague moja katika mawili hayo atahuzunika. Maana nyumba isiyovuja, ambayo vyumba vyake vimefungwa na mtu mwingine, si yake kamili. Na nyumba ambayo funguo zake zote zi mkononi mwake, lakini inavuja, haimfai wakati wa masika. Msomaji, katika insha hii nataka kukusimulia jinsi watu wa zama zetu walivyotiwa katika uchaguzi huo, si kwa nyumba za mawe wala za udongo, bali kwa simu wanazochukua mifukoni mwao.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao walianza kutunga mfumo wa kuendesha kompyuta, uliokuja kuitwa Unix. Siku zile kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Kila mmoja alipewa mahali pake pa kuweka kazi zake, akakatazwa kugusa kazi za mwenzake. Lakini ilikuwa lazima pawe na mmoja awezaye kuingia popote, kutengeneza kilichoharibika, kumwongeza mtumiaji na kumwondoa. Huyo alipewa jina la root, maana yake mzizi. Hapana mlango uliofungwa mbele yake, wala hapana mtu wa kumwomba ruhusa. Akitoa amri njema hutekelezwa. Akitoa amri ya kufuta kila kitu, hiyo nayo hutekelezwa.

Ritchie alibuni pia njia ya kuazima uwezo huo. Alitunga alama iwekwayo juu ya faili, ambayo humfanya mtu aiendeshaye faili ile apate kwa muda uwezo wa mwenye faili. Kwa alama hiyo mtu wa kawaida aliweza kufanya kazi moja maalum ya mkuu bila ya kuwa mkuu. Aliomba haki ya uvumbuzi huo mwaka 1973, akapewa mwaka 1979. Ikumbuke alama hii, maana tutaikuta tena mbele.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichofuata desturi za Unix, kikaitwa Linux. Mwaka 2003 kampuni ndogo iitwayo Android ilianzishwa Palo Alto, California. Mwaka 2005 ikanunuliwa na Google. Na juu ya kiini cha Linux ukajengwa mfumo wa simu. Simu ya kwanza ya mfumo huo, HTC Dream, iliyouzwa Marekani kwa jina la T-Mobile G1, ilitoka mwezi wa Oktoba 2008. Kwa njia hii mamlaka ya mzizi, yaliyozaliwa katika kompyuta kubwa kama makabati, yaliingia mfukoni mwa mtu wa kawaida.

Yaliingia mfukoni mwake, lakini hakupewa. Mnunuzi wa simu alipewa vyumba vya mbele: kupiga, kuandika, kupiga picha, kuongeza programu. Chumba cha ndani, palipo na mfumo wenyewe, kilifungwa, na ufunguo ukabaki kwa mtengenezaji. Haki hudai tuseme kwamba jambo hili lilikuwa na sababu njema. Mtu asiyejua aweza kufuta kwa kidole kimoja kitu ambacho simu haiwezi kuishi bila yake. Tena mwizi akiingia katika programu moja, hukuta milango ya nyingine imefungwa. Lakini wako waliouliza: ikiwa nimelipa bei yote, mbona sehemu ya mali yangu imefungwa kwangu? Kazi ya kujipatia ufunguo huo vijana wa leo huiita kuruti simu, na hapa ndipo kisa chetu kinapoanza.

Ufunguo wa kwanza ulipatikana kwa ajabu. Mwezi wa Novemba 1908 lingekuwa jambo la uchawi. Novemba 2008 lilikuwa kosa la mafundi tu. Iligunduliwa kwamba katika G1, nyuma ya kila kitu alichokiona mwenye simu, kulikuwa na programu iliyoachwa wazi ikisikiliza kila herufi iliyopigwa, na kuitii kama amri ya mzizi. Mtu aliyewasha simu akamwandikia mwenzake neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, aliona simu yake ikizima na kuwaka upya. Waliofahamu maana ya jambo hilo waliandika neno lililofungua njia ya kuingilia simu kutoka kwenye kompyuta, wakaingia chumba cha ndani.

Google haikukawia. Toleo lenye kosa liliitwa RC29. Mwezi huo huo likaja sasisho la RC30, na ufa ukazibwa. Hapo ndipo wenye simu walipokabiliwa na uchaguzi niliokutajia mwanzoni. Aliyekubali sasisho alipoteza ufunguo. Aliyelikataa alibaki na ufunguo, na akabaki na ufa ule ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Lakini ufa huu ndio uliokuwa mlango wa mwenye nyumba.

Jawabu la kwanza lililetwa na fundi aliyejulikana kwa jina la JesusFreke. Alilichukua sasisho la RC30, akaacha ndani yake kila kilichozibwa kizibwe, akaongeza njia ya mwenye simu kushika mamlaka ya mzizi kwa hiari yake. Waliokwisha kusasisha waliirudisha simu kwenye RC29, wakaingia kwa ufa, wakaweka kifaa cha kupokelea masasisho ya mafundi huru, kisha wakapanda tena hadi RC30 hiyo iliyotengenezwa. Tazama jambo hili vizuri, msomaji. Watu hawa hawakuwa maadui wa sasisho. Walitaka ufa uzibwe, ila walitaka wapewe mlango. Tofauti ya ufa na mlango ni kubwa: ufa humpitisha yeyote, na mlango una mwenye kuufungua.

Ikiwa waona kuwa tofauti hiyo ni ya maneno matupu, mwaka 2011 utakufundisha. Mwezi wa Machi mwaka huo ziligunduliwa katika soko la programu za Android programu zaidi ya 50 zilizobeba uovu uliopewa jina la DroidDream. Zilionekana kama michezo na vifaa vya kawaida. Mtu akiziweka, zilipita katika nyufa zile zile ambazo wenye simu walizitumia kujipatia ufunguo, zikashika mamlaka ya mzizi, zikaanza kupeleka habari za simu kwa wageni. Matoleo yaliyokuwa chini ya Android 2.2.2 ndiyo yaliyokuwa hatarini. Nasi wa Kenya hatukuwa mbali na habari hiyo, kwa sababu mwaka huo huo simu ya Huawei IDEOS, yenye Android 2.2, iliuzwa nchini kwa bei ya chini ya shilingi 10,000, na kwa watu wengi ilikuwa ndiyo simu janja ya kwanza.

Kisa hicho kina upande wa pili. Ilionekana kwamba DroidDream, kabla ya kufanya kazi yake, hutazama kama faili ya jina fulani imo katika chumba cha ndani. Ikiikuta, huamini kuwa imekwisha kuingia, ikaondoka. Basi fundi mmoja huru akatunga dawa nyepesi: faili tupu yenye jina hilo hilo. Dawa hiyo ilihitaji mtu mwenye ufunguo wa chumba cha ndani. Aliyekuwa nao aliweza kujikinga siku ile. Asiyekuwa nao alingojea sasisho la mtengenezaji, na simu nyingi hazikupata sasisho kwa muda mrefu, au hazikupata kabisa. Kwa hiyo ufa mmoja ulimwingiza mwizi, na ufunguo ulioingilia ufa huo huo ukamwokoa mwenye nyumba. Mtu asemaye kwamba kuruti ni kubaya tu, au ni kuzuri tu, hajausikia mwaka 2011.

Wakati huo njia ya heshima zaidi ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Januari 2010 Google iliuza simu ya Nexus One, ambayo mwenyewe aliweza kuifungua kwa amri iliyowekwa makusudi. Simu ilimwonya kwamba dhamana yake itaondoka, kisha ikamwachia achague. Watengenezaji kadha wa kadha waliifuata desturi hiyo, na wengine waliikataa. Katika simu nyingi za namna hii kufungua huambatana na kufutwa kwa kila kitu kilichomo, ili mwizi aliyeokota simu asiweze kuifungua akasoma siri za mwenyewe. Hivyo ufunguo ukaanza kupatikana kwa mlango. Likabaki swali moja: sasisho likija, ufunguo utadumu vipi?

Sasa ikumbuke ile alama ya Ritchie. Katika miaka ya kwanza, ufunguo wa simu ulikuwa faili ndogo iitwayo su, iliyowekwa katika chumba cha mfumo ikiwa na alama hiyo. Sasisho la mtengenezaji lilipokuja, lilipita katika chumba kizima likirudisha ruhusa za faili kama zilivyoagizwa kiwandani. Faili ya su iliweza kubaki, lakini bila ya alama ilikuwa kama ufunguo uliokatwa meno. Mwaka 2011 ilitoka programu ya Voodoo OTA RootKeeper, iliyoficha nakala ya ufunguo mahali ambapo sasisho halikupagusa. Sasisho likipita, mwenye simu aliirudisha nakala mahali pake. Hila hiyo iliwafaa wengi kwa muda.

Mwaka 2014 mambo yalibadilika. Tangu Android 5.0, sasisho halikutazama tena faili moja moja. Lilikitazama chumba cha mfumo kizima kama kitu kimoja, likakipima kwa hesabu kabla ya kutia kiraka. Likiona kimebadilika hata kidogo, lilikataa kuendelea. Hata kukifungua chumba kwa nia ya kuandika tu, bila ya kuandika neno, kulitosha kuiharibu hesabu. Aliyeficha nakala ya ufunguo ndani ya chumba hicho alikuwa amejifungia sasisho kwa mkono wake.

Na haukuwa wakati mzuri wa kukosa masasisho. Mwezi wa Julai 2015 ilitangazwa habari ya ufa ulioitwa Stagefright, uliokuwa katika sehemu ya mfumo isomayo picha za sinema na sauti. Kwa ufa huo, ujumbe wenye picha uliweza kuishambulia simu hata kabla mwenyewe hajaufungua. Waliougundua walikadiria kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Kwa sababu ya jambo hilo Google ilianza, mwezi wa Agosti 2015, desturi ya kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Mtu aliyesema, "Sitaki sasisho, nataka ufunguo wangu," alikuwa sasa akilala mlango wazi, na kila mwezi uliopita uliongeza mlango mwingine.

Watu wenye akili hawakushindana na hesabu ya chumba; walijiuliza kama ni lazima kukigusa. Mwaka 2015 fundi wa Uholanzi ajulikanaye kwa jina la Chainfire, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa programu yake ya SuperSU, alionyesha njia ya kuweka ufunguo nje ya chumba cha mfumo. Alibadili kipande kidogo kinachoiamsha simu, na ufunguo wenyewe akauweka katika sehemu ya vitu vya mwenye simu. Mwaka 2016 John Wu, kijana wa Taiwan aliyekuwa mwanafunzi, alitoa programu ya Magisk kwa njia iliyoendelea zaidi. Simu ikiamka, Magisk hutandaza mabadiliko juu ya mfumo kama mtu atandikavyo shuka juu ya kitanda. Aangaliaye huona shuka. Lakini kitanda kilicho chini yake hakikupigwa msumari hata mmoja. Shuka likiondolewa, kitanda ni kile kile cha kiwandani.

Mwaka huo huo wa 2016 Android 7.0 na simu ya Pixel zilileta mpango wa mifumo miwili katika simu moja, A na B. Mwenye simu akiwa anatumia A, sasisho huandikwa katika B bila ya kumsumbua. Simu ikiwashwa upya huamkia B, na B ikishindwa kuamka, simu hurudi A. Mpango huu ulikusudiwa kuzuia simu zisife katikati ya sasisho, lakini ulimpa mwenye ufunguo nafasi aliyoitafuta tangu siku za G1: nafasi kati ya kufika kwa mfumo mpya na kuamka kwake.

Nitakueleza hatua zake kwa ufupi, maana ndani yake imo historia yote niliyoisimulia. Kwanza, katika programu ya Magisk mwenye simu hukirudisha kipande cha kuamshia katika hali yake ya kiwandani, wala haiwashi simu upya. Pili, hulipokea sasisho kama mtu mwingine yeyote; simu hujipima, hukuta kila kitu ki sawa, huuandika mfumo mpya upande wa pili. Tatu, simu ikimwomba aiwashe upya, hakubali. Hurudi katika Magisk akachagua kuweka ufunguo katika upande ule usiotumika bado. Nne, ndipo huiwasha simu. Akiiruka hatua ya kwanza, sasisho hukataa. Akiisahau ya tatu, simu huamka ikiwa mpya na salama, ila ufunguo umebaki upande wa zamani. Haraka haraka haina baraka.

Simu isiyo na mpango wa A na B ina njia ndefu zaidi. Mwenyewe hutafuta kipande cha kuamshia cha toleo lile lile jipya, hukipitisha katika Magisk, kisha hukiweka simuni kwa kompyuta baada ya kusasisha. Nasema toleo lile lile kwa sababu kipande cha toleo jingine chaweza kuifanya simu isiamke tena. Na kwa njia zote mbili, kabla ya kugusa chochote, sharti kuwe na nakala ya picha, barua na majina, iliyohifadhiwa nje ya simu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ingekuwa uongo nikikuachia udhani kwamba mambo yamekwisha hapo. Simu ya leo ni mkoba wa fedha. Tangu mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, Wakenya wamezoea kulipa karo, kodi na chakula kwa simu. Na programu nyingi za benki duniani hukataa kufanya kazi katika simu iliyorutiwa. Wenye benki husema hawawezi kujua kama mwenye mamlaka ya mzizi ni mteja wao au ni mwizi. Hoja hii ina uzito, nawe sasa wajua kwa nini: DroidDream nayo ilikuwa na mamlaka hayo hayo. Kwa muda Magisk ilikuwa na njia ya kujificha mbele ya ukaguzi wa namna hii. Mwaka 2021 John Wu aliingia kazini Google, katika kundi la usalama wa Android, na njia ile ya kujificha ikaondolewa katika toleo lililotoka mwanzo wa mwaka 2022. Magisk yenyewe haikuondolewa. Mtu aliyewatengenezea wengine ufunguo aliajiriwa na walinzi wa mlango, na pande zote mbili zilipata faida. Maana ajuaye kufungua ndiye ajuaye mahali pa kuweka kufuli.

Msomaji, usiichukue insha hii kama agizo la kuiruti simu yako. Ikiwa simu ni ya mzazi wako, ufunguo wake si wako hata kidogo. Ikiwa ni yako, na vyumba vya mbele vyakutosha, pokea masasisho yake kila yajapo, ulale salama. Lakini ikiwa siku moja utataka kuwa na mamlaka ya mzizi, jua kwamba pamoja na ufunguo wachukua kazi ya yule aliyekuwa nao kabla yako. Mtengenezaji aliposhika ufunguo, alishika pia jukumu la kuziba nyufa. Ukiutwaa ufunguo ukaliacha jukumu, umeifungua nyumba kwa ajili ya wengine. Waliofaulu katika kisa hiki, tangu wale wa RC30 hadi wale wa leo, ni wale waliokuwa tayari kuutengeneza ufunguo upya kila sasisho lilipokuja. Waliochoka kufanya hivyo walibaki na ufunguo mzuri wa nyumba inayovuja.